Msiba Niliopeleka Busisi kwa Ndoo ya Maandazi

Sababu ya safari yangu ni daraja. Mtu akisikia hivyo atadhani nilikwenda kulitazama, kama walivyofanya wengi waliokuja na mashati mapya wakapiga picha wakiwa wameegemea kingo zake. Mimi nilisafiri kwa sababu daraja lilininyang'anya wateja.

Sisi tumelelewa na foleni. Nyumbani ni Kigongo, upande wa Mwanza, hatua chache kutoka mahali magari yalipokuwa yakijipanga kungoja feri ya kwenda Busisi. Mtu anayengoja feri huanza kutazama saa, kisha hutazama ziwa, kisha hutazama ndoo ya maandazi. Mama ndiye aliyeianza kazi hiyo baada ya baba kufariki. Mama naye alipotutoka, mimi Milembe nilikuwa kidato cha pili, na wadogo zangu mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa bado wanavaa viatu kushoto kulia. Nilirudisha vitabu shuleni, nikashika karai. Tangu hapo abiria wa harusini, wa msibani na wa mahakamani wote wamekula kwangu, na wote wameondoka na mafuta vidoleni.

Daraja lilipofunguliwa nilishangilia pamoja na watu wote. Siku ile niliuza ndoo tatu kabla jua halijawa kali. Kesho yake nikakaanga ndoo tatu tena, nikaketi palepale. Magari yalipita yakiunguruma, na hakuna dereva aliyetazama saa. Jioni tulikula maandazi, asubuhi maandazi, na siku ya tatu Doto aliniuliza kwa upole kama kuna chakula kingine duniani.

Jumapili moja akaja baba mdogo Shija kutoka Magu. Kwa kawaida baba mdogo hula maandazi matano kabla ya kuvua kofia. Siku hiyo alikula moja, nikajua amekuja na neno.

"Milembe," alisema, "feri imekufa, na foleni imekwenda nayo. Hawa watoto tuwagawe. Kulwa nitamchukua mimi, Doto aende kwa shangazi yenu Geita. Wewe ni mtu mzima, utapata pa kujishikiza."

"Baba mdogo, hao ni mapacha."

"Najua ni mapacha. Nilikuwepo walipozaliwa. Lakini hata mapacha wanakula."

Si mtu mbaya. Kwake watoto wanne wanalala kitanda kimoja, na bado alikuwa tayari kumwongeza wa tano. Nilimwomba anipe wiki moja. Alifikiri sana, akasema, "Jumapili ijayo nitakuja na mfuko wa kubebea nguo za Kulwa. Nikikuta una wateja wa kueleweka, nitarudi na mfuko wangu."

Siku mbili zikapita nikihesabu vichwa vya watu wasiosimama. Jumanne dereva mmoja wa lori, mla maandazi wangu wa zamani, alisimamisha gari kunisalimia. Aliniambia, "Dada, wateja hawatakufuata tena. Wafuate wewe. Kule Busisi, juu kilimani, kuna mtaa wa walimu, manesi na mafundi. Nyumba nzuri kabisa, lakini asubuhi wanakunywa chai kavu. Nimelala huko kwa shemeji yangu, nimeshuhudia mateso."

Basi nikaamua kuvuka ziwa na kupita nyumba kwa nyumba.

Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa tayari. Unga wote uliobaki ndani ulikuwa ndani ya ndoo ile, umeshakuwa maandazi. Nilisema ndoo nzima isipouzika, hakuna ya kesho. Nilijifunga kanga moja ya mama kiunoni, na nyingine, ile ya bluu iliyokolea hadi karibu kuwa nyeusi, nikajitanda kichwani na mabegani kwa sababu ya upepo wa ziwa. Niliondoka saa hiyo kwa mazoea. Feri ya kwanza ilikuwa ikipakia alfajiri, na miaka yote mteja wangu bora alikuwa mtu ambaye hajaamka vizuri.

Mapacha walinisindikiza hadi barabarani wakiwa wamejifunga shuka moja.

"Dada, ukifika utabasamu," alisema Kulwa.

"Asitabasamu sana," alisema Doto. "Watasema anauza dawa za meno."

Mimi nilikuwa na mafundisho yangu mengine, ya bibi mzaa mama. Bibi alikuwa akisema mgeni mwenye adabu hatoi haja yake mlangoni. Husalimia kwanza, akauliza habari za wenye nyumba, za watoto na za mifugo, akaketi, ndipo akasema kilichomleta. Kwenye foleni sikuwahi kupata nafasi ya kuutumia ustaarabu huo, maana dereva aliyewasha gari huwezi kumuuliza habari za ng'ombe wake. Nilifurahi kwamba sasa naenda kwenye nyumba za watu, nikautumie vizuri.

Nikiwa katikati ya daraja, mashariki ndiyo kwanza palikuwa panapata rangi ya maji ya mchele. Sikuwahi kulivuka kwa miguu. Lina urefu wa kilometa tatu na kidogo, na ukiwa na ndoo kichwani unazihisi zote shingoni. Upepo ulishika kanga yangu ukaivuta kana kwamba ilikuwa yake. Chini, upande mmoja, niliona gati la zamani la feri limetulia, hakuna taa, hakuna honi, hakuna mtu anayegombana na mkata tiketi. Kama una kumbukumbu na mahali, usipatazame kutoka juu. Panaonekana padogo mno.

Mtu mmoja mwenye baiskeli ya mkaa alinifikia, akapunguza mwendo.

"Ndoo ina nini, dada?"

"Maandazi."

"Wewe si ndiye wa kwenye foleni? Nilikuwa nakula sita kwako nikingoja feri."

"Karibu basi. Ni ya moto."

"Aa, sasa hivi nakimbilia nyumbani, nakwenda kula kwa mke wangu." Akapanda baiskeli. Akiwa mbali aligeuka akapaza sauti, "Ila yake hayafikii yako! Usimwambie!"

Nilimuahidi sitamwambia, nikaendelea na shingo yangu.

Saa kumi na mbili kasoro, nilikuwa nimeshapanda kilima cha Busisi. Bado kulikuwa na kiza cha kutosha mtu kukutambua kwa kivuli tu. Nyumba zilikuwa za bati la rangi, majogoo wanashindana, moshi haujaanza. Nilichagua geti la kwanza, la kijani. Nikatua ndoo, nikaona si vizuri bidhaa iingie kabla ya salamu, nikaificha nyuma ya nguzo. Nikapiga hodi kwa sauti ya chini ili nisishtue watoto.

Hapo ndipo nilipokosea, ingawa nililijua hilo saa mbili baadaye. Kwenye foleni alfajiri ni saa ya kula. Kwenye mtaa, anayepiga hodi alfajiri kwa sauti ya chini, amejitanda kanga nyeusi, hajabeba kitu mkononi, anakuja na habari ya aina moja tu.

Alifungua mama wa makamo, mwalimu, mwenyeji wa Bukoba aliyeolewa huku. Baadaye nilikuja kumjua kwa jina la Mama Koku. Alikuwa na tochi ya simu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Ni kwema tu, mama. Habari za hapa?"

"Nzuri. Kuna nini?"

"Watoto hawajambo?"

Akashika fremu ya mlango. "Watoto wamelala. Watoto gani?"

"Na baba mwenye nyumba, hajambo?"

"Mume wangu yuko Geita kikazi," alisema, na sauti ikaanza kupanda. "Binti, mume wangu kafanya nini?"

"Mimi simjui, mama. Nilikuwa namsalimia tu. Naomba kwanza tuketi, halafu nikueleze kilichonileta."

Mama Koku hakuketi. Alibonyeza simu akampigia mumewe, na kwa sauti niliyoisikia mimi mume alikuwa mzima na hakupenda kuamshwa. Mama Koku akashusha pumzi. Kisha akanitazama kwa macho mengine, ya huruma.

"Basi ni hapa mtaani," alinong'ona. "Ni nyumba gani?"

Nilidhani ananiuliza ninapita nyumba gani. "Zote, mama. Nimeanzia kwako, nitapita zote."

"Ee Mungu wangu. Pita, mwanangu. Usichelewe kwangu. Mimi nakuja."

Akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga mbili na bakuli la sukari mkononi, akanipita akashuka njiani. Mimi nikabaki nimesimama. Nilisema moyoni labda ndiyo desturi ya mtaa huu, mteja anatangulia na sukari yake.

Nyumba ya pili, ndoo nikiwa nimeificha tena pembeni, alitoka fundi seremala, mswaki mdomoni. Nilifika kwenye habari za watoto tu. Aliutoa mswaki, akasema, "Nimekuelewa, dada. Pole na wewe kwa kazi hii," akaingia ndani kuvaa shati. Nyumba ya tatu hawakungoja hata nimalize shikamoo. Mama Koku alikuwa ameshapita kwa nyuma. Mwanamke alitoka na tita la kuni, analia, akanishika bega akaniambia nijikaze. Nilijikaza. Nilianza kuupenda mtaa ule. Sijawahi kuona watu wanaomhurumia muuza maandazi kiasi kile.

Saa moja kasorobo, nilipotoka nyumba ya tano bila kufungua mfuniko wa ndoo hata mara moja, niliona wanawake wanapanda njia kwa mafungu. Huyu ana maji, yule kuni, huyu unga. Wote walikuwa wanaelekea kwenye nyumba moja ya mwisho, yenye ua wa minyaa. Mtu wa biashara akiona watu wengi wanakwenda mahali pamoja asubuhi, haulizi. Nilijitwika ndoo yangu nikawafuata.

Nilipoingia uani nilikuta mikeka imetandikwa, moto umewashwa, sufuria kubwa ya chai iko motoni, na akina mama wameketi wakilia taratibu. Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli. Nikaelewa kwamba nimeingia msibani.

Bibi alinifundisha pia kwamba msiba haupitwi. Nikatua ndoo pembeni, nikaketi mkekani karibu na mama wa kuni.

"Nani katutoka?" nilimuuliza polepole.

"Mzee Mabula. Mwenye nyumba hii. Alikuwa anaishi peke yake na redio yake. Juzi aliondoka kwa bodaboda kwenda Sengerema, anakohoa. Kumbe ndiyo alikuwa anaaga. Kafia hospitali."

"Maskini. Kuna mtu kaleta taarifa?"

"Sijui ni nani. Tumesikia kwa Mama Koku."

Baadaye tulilifumbua. Hakuna aliyesema Mzee Mabula amekufa. Kila mmoja alijua kuna mtu amekufa, kila mmoja akahesabu majirani wanaotoka milangoni, na nyumba pekee ambayo haikufunguka ilikuwa yake. Kufuli ndilo lililomzika.

Mimi niliposikia habari za mtu aliyeishi peke yake na redio, nililia. Nililia vizuri kabisa. Nilianza na Mzee Mabula nisiyemjua, nikaenda kwa mama, nikamalizia na Kulwa na Doto kila mmoja akilala kwenye nyumba yake. Akina mama wakaninyamazisha. Mmoja akasema, "Huyu lazima ni binti yake wa Sengerema."

Saa moja na nusu hivi, jua limeshatoka, bodaboda ikasimama nje ya ua. Akashuka mzee mrefu, koti la kijivu, redio kwapani na kuku mkononi. Alipoona mikeka na akina mama wanalia, alimpa dereva wa bodaboda yule kuku amshikie, akavua kofia, akaingia kwa hatua za taratibu huku ameinamisha kichwa.

"Poleni jamani," alisema. "Poleni sana. Ni nani tena?"

 Mama mmoja alitambaa nyuma hadi akafika ukutani. Fundi seremala aliyekuwa anapasua kuni alibaki na shoka juu. Mama Koku ndiye aliyepata sauti.

"Mzee Mabula… ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Umefariki."

"Lini?"

"Leo. Alfajiri."

Mzee Mabula aliitazama nyumba yake, akatazama moto, akatazama ile sufuria ya chai. "Mbona mimi sikuambiwa?" alisema. "Alfajiri nilikuwa kwa binti yangu nabishania bei ya kutengeneza redio."

Kicheko kilianzia kwa dereva wa bodaboda, kikakatika, kwa sababu baada ya hofu huja hasira. Mama Koku alisimama. "Mimi sijatunga! Kuna binti kaja kunipigia hodi gizani!" Akageuka, akaniona nimeketi mkekani na macho mekundu. "Huyo hapo! Na analia!"

Macho yote yakaja kwangu. Mzee Mabula akanisogelea.

"Binti, tunafahamiana?"

"Hapana, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nilikukosea nini hata ukaniua?"

Nilisimama. Ningeweza kukimbia, njia ya kushuka ilikuwa wazi, lakini ndoo ilikuwa upande wa pili wa moto, na bila ndoo ile sikuwa na cha kukimbilia. Nikaeleza yote bila kuruka. Foleni, daraja, unga wa mwisho, bibi na adabu zake, hodi ya chini nisiamshe watoto, kanga ya mama kwa ajili ya upepo. Nikaeleza mapacha na Jumapili na mfuko wa baba mdogo.

"Sasa," aliuliza Mama Koku, "ulikuja kuniambia nini muda wote ule?"

"Maandazi, mama."

"Maandazi!"

"Nilikuwa bado sijafika hapo. Tulikuwa kwenye habari za baba mwenye nyumba."

Hapo hata yule mama wa ukutani alicheka. Mzee Mabula alivaa kofia yake. "Bibi yako alikufundisha vizuri," alisema, "ila hakukufundisha saa. Saa kumi na mbili asubuhi mwenye habari ya heri hupiga kelele tangu barabarani. Anayekuja kimya akasalimia mpaka ndama, huyo amebeba maiti. Sasa, sisi Wasukuma mtu akiukosea mtaa mzima hatumpeleki mbali. Anawalisha aliowakosea, tunamaliza. Fungua ndoo."

"Hata sisi wa Bukoba tulioolewa huku tumeshalijua hilo," alisema Mama Koku, "na leo tunaliunga mkono."

Nilifungua ndoo. Harufu ilitoka, nikasikia watu wananyamaza kwa namna ninayoijua. Sikuomba nipunguziwe. Kosa lilikuwa langu, na mtu akilipa faini kwa kununa huonekana amekosa mara mbili. Nilizunguka mikeka yote nikiwapa watu kwa mikono miwili, nikipiga goti kwa wakubwa, na kila andazi lililotoka nililijua ni kijiko cha unga wangu wa kesho. Mzee Mabula alipewa chai ya kwanza, ya matanga yake mwenyewe. Alikula manne. Alisema kufa anaweza kukataa, ila chai iliyochemshwa kwa jina lake haikatai.

Mwisho nikaufunga mfuniko juu ya ndoo tupu. Ilinigharimu nguvu kutabasamu kama Kulwa alivyoagiza.

"Mnisamehe," nilisema. "Kwaherini."

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mama Koku.

"Nyumbani, mama."

"Na hivi vitu?" Alionyesha sukari yake, na unga, na mafuta, na vile vyote vilivyopangwa kando ya mlango wenye kufuli. Watu wakatazamana. Kumbe mtaa ule una desturi, kitu kilichopelekwa msibani hakirudi nyumbani kwa mtu. Kukirudisha ni kuukaribisha msiba kwako. Kwa kawaida hubaki kwa wafiwa.

"Mimi ndiye marehemu," alisema Mzee Mabula. "Siwezi kula rambirambi zangu."

"Na kwangu hakirudi," alisema mama wa kuni. "Nina wajukuu."

 Kisha fundi seremala akaitazama ndoo yangu. Nafikiri alikuwa bado anatafuna.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Unga wa ngano aliouleta mama mmoja, uliokuwa wa chapati zake za Jumapili, uliingia ndooni. Sukari ikafuata, na chupa mbili za mafuta. Mchele na sembe wakampa mwenye bodaboda, aliyesema yeye si wa mtaa ule na mikosi yao haimjui. Mama Koku alinifungia mfuniko kwa kitambaa, akaniweka kiganjani punje tatu za kahawa ya kutafuna, wanazompa mgeni kwao.

"Kesho urudi nayo ikiwa maandazi," alisema. "Faini imekwisha leo. Kesho tunanunua. Lakini usije ukapiga hodi! Pita barabarani, upige kelele."

"Nipige kelele nikisema nini, mama?"

"Kwanza utuambie wote ni wazima," alisema Mzee Mabula. "Mengine baadaye."

Saa tano, nilikuwa darajani narudi, na ndoo ilikuwa nzito kuliko nilivyokwenda nayo. Sikutazama tena gati la feri. Nilikuwa natafuna kahawa chungu na kucheka peke yangu, na watu wa kwenye magari walinitazama kama mwendawazimu.

Alasiri mapacha walirudi kutoka shule, wakaikuta ndoo imekaa katikati ya chumba. Doto aliijaribu kwa mkono, ikamshinda. Uso ukamshuka.

"Hayakuuzika," alisema.

"Yameliwa yote."

"Fedha ziko wapi?"

"Yameliwa msibani."

"Nani kafa?" aliuliza Kulwa.

"Hakuna."

Walitazamana, wakaamua wafungue ndoo kuliko kuendelea kunihoji. Walipoona unga walipiga yowe hadi jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Kesho yake, Alhamisi, nilingoja jua lianze kuchungulia ndipo nikapanda kilima. Nilianzia chini kabisa kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kuishinda honi ya feri: "Maandaziii! Wote wazimaaa!" Milango ilifunguka. Mama Koku alichukua ya nyumba nzima na ya walimu wenzake shuleni. Mzee Mabula alikuja hadi getini na redio inaimba, akasema, "Marehemu anataka matatu." Ijumaa kuna mama alinisubiri barabarani na sahani. Jumamosi nilivuka na ndoo mbili, moja kichwani na moja kwa baiskeli ya yule mtu wa mkaa, aliyelipwa kwa maandazi na ambaye mkewe, anasema, ameanza kumshuku.

Jumapili alfajiri, kabla sijatia mafuta kwenye karai, tulisikia hodi. Ya chini, ya taratibu.

"Hamjambo humu ndani?" ilisema sauti ya baba mdogo Shija. "Habari za kuamka? Jirani zenu hawajambo?"

Kulwa alikaa kitandani akiwa ameshika shuka. Alijua fika ni siku gani. "Baba mdogo," alisema kwa sauti ya juu, "shikamoo. Sema kwanza umeleta nini, salamu baadaye."

Nje nyayo zikasogea karibu na mlango.

"Nimeleta mfuko," alisema baba mdogo.

"Una nini ndani?"

"Hauna kitu."

Nilimfungulia. Sikumweleza mengi, nilimtwika ndoo ya pili nikamwambia tuvuke wote. Njiani alilalamika shingo. Tulipofika chini ya kilima nikamwambia apige kelele yeye, sauti yake ni kubwa. Aliona aibu, akajaribu, akaona milango inafunguka, akapiga tena kwa nguvu zaidi. Mwanamke mmoja alimwuliza kama ni baba yangu. Aliiweka ndoo sawa kichwani. Alisema ndiyo.

Niliyojifunza katika safari hii si mengi. Adabu ina saa zake, na bibi hakukosea, mimi ndiye niliyeitumia kabla jua halijatoka. Siku hizi nikimaliza kuuza hupita kwa Mzee Mabula mchana, tukaulizana habari hadi za kuku, na hakuna anayekufa.

Baba mdogo aliondoka jioni ile kwenda Magu. Nguo za Kulwa zilikuwa kambani, zimechanganyika na za Doto kama kawaida, huwezi kujua ipi ya nani. Mfuko alirudi nao, umejaa maandazi, na alikuwa ameshakula matano.